Kiitaliano cha Cherehani

Binti mmoja kati yenu, nyie walimu wapya wa lugha mnaofundishia kwenye simu, aliniuliza juzi kama ni kweli darasa langu liliwahi kufungwa kwa kudhaniwa ni kanisa. Nilicheka hadi chai ikanipalia. Darasa langu halikufungwa hata siku moja. Lilitembelewa tu. Lakini naona mmeshaanza kuniongezea chumvi ningali hai, kwa hiyo heri niandike mwenyewe kabla hamjanipa na mabawa.

Kwa msionijua, mimi ni Mwalimu Sperata. Nilifundisha Kiitaliano hapa Kigali, sebuleni kwangu Nyakabanda, mpaka magoti yaliponigomea. Sarufi sikuifundisha sana, hiyo watu waliipata kwa wenye vyeti. Kwangu walikuja kujifunza kusoma kwa sauti, yaani kulikata neno silabi kwa silabi na kujua mkazo unakaa wapi. Walikuja masista waliokuwa wanakwenda kusoma Roma, wauguzi, wanakwaya, wafanyabiashara, na wasichana wenye wachumba Waitaliano. Hawa wa mwisho ndio waliokuwa na bidii kuliko wote. Nimezaliwa Karagwe, Tanzania, kwa wazazi Wanyarwanda, na michezo yangu yote ya utotoni niliicheza kwa Kiswahili, ndiyo maana nawaandikia kwa lugha hii. Anayetaka Kinyarwanda aje nyumbani tuongee.

Tuanze na hilo kanisa. Darasani kwangu watu hawakukaa. Walisimama, wakapiga kofi moja kwa kila silabi, na penye mkazo wakapiga mguu chini. Ta-vo-la, meza, mguu kwenye ta. Cit-tà, mji, mguu kwenye tà. Sasa jaza sebule watu wazima, fungua madirisha, halafu waambie wapige makofi, wakanyage sakafu na kupaza sauti kwa maneno ambayo jirani hajawahi kuyasikia. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi asubuhi, na tulikuwa kwenye siku za juma. Sabato kwa Kiitaliano ni Jumamosi, na mkazo uko mwanzoni. Watu wote walikuwa wanapiga kelele "SA-ba-to! SA-ba-to!" mkuu wa mudugudu wetu, kiongozi wa mtaa, alipobisha hodi.

"Mwarimu," aliniambia, huku anachungulia juu ya bega langu, "watu wanasema hapa iko kanisa. Iko na ruhusa?"

"Si kanisa, mkuu. Ni darasa la lugha."

"Darasa? Mimi nimesikia na masikio yangu. Watu wanasema ndimi."

"Ni Kiitaliano hicho."

"Na ile Sabato?"

Nilimweleza, naye hakuniamini. Nikamwambia aingie ajaribu mwenyewe, kwa sababu ofisa anayesimama mlangoni ni hatari kuliko ofisa aliyekaa ndani. Aliingia, akavua kofia, akapewa neno telefono. Alikanyaga kwenye fo, kama kila mtu hapa anavyofanya mara ya kwanza. Darasa zima likapaza sauti, "LE! Te-LE-fo-no!" Akarudia. Akarudia tena. Akatoka jasho, akaomba neno jingine. Alipoondoka alisema hajaona shida yoyote, ila tufunge madirisha. Tangu siku hiyo kila tulipokutana njiani alikuwa akinisalimia kwa kupiga mguu chini, na watu waliokuwa naye hawakuelewa kitu.

Mnaniuliza nilitoa wapi mbinu hiyo. Niliitoa jikoni. Huko Karagwe kulikuwa na sista mmoja mzee wa Kiitaliano, Sista Kandida, aliyesimamia jiko la shule ya misheni. Nilikuwa msaidizi wake wa kumenya na kukatakata. Alikuwa na ulimi mkali na moyo mwepesi, na hakuwa na ubao wala vitabu. Alitufundishia kwenye karoti. Kila silabi, kisu kinashuka mara moja. Penye mkazo unapiga kwa nguvu. Neno likiwa na herufi mbili zinazofuatana zinazofanana, kama cipolla, kitunguu, kisu kinashuka ci, kinashuka pol na kubaki humo humo ndani ya karoti kidogo, halafu la. Ukikitoa kisu mapema anakugonga kidole kwa mwiko. Wasichana waliokula supu yetu waliweza kujua siku hiyo tumesoma maneno gani. Ukikuta kipande cha kwanza kimepondeka na viwili vimesalimika, ujue ni cavolo, kabichi, ingawa supu yenyewe ilikuwa ya karoti.

Nilimpenda sana yule mzee. Alikuwa akisema kwamba lugha haiingilii masikioni kama watu wanavyodhani, inaingilia kwenye kiungo kile ambacho mtu anakitumia kwa kazi yake. Kwake ilikuwa mkono wenye kisu. Mimi nilidhani anatania.

Sasa niwape kazi yenyewe kidogo, maana najua kuna watakaosema bibi amejaa hadithi tu. Shida ya mtu wetu ni kwamba Kiswahili kimemdekeza. Silabi zetu karibu zote zinaishia kwenye irabu, na mkazo tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho bila hata kufikiri. Maneno yanayokataa ni machache mno, kama barabara. Iseme ukimaanisha njia ya magari, halafu iseme ukimaanisha sawasawa, utasikia mguu wako unahama. Kiitaliano nacho maneno mengi yanakaa kama yetu, na hapo ndipo mtego ulipo. Mwanafunzi anasoma ukurasa mzima vizuri, anajiona ameshafika Roma, kisha anakutana na macchina, gari, au zucchero, sukari, yenye mkazo mwanzoni, na kuanguka kifudifudi. Waitaliano wenyewe hawakusaidii. Alama ya mkazo wanaiandika pale tu inapolazimika, hasa neno linapopigwa mwishoni kabisa. Kwingine kote wanakuacha ubahatishe. Na ile s yao ikikutana na konsonanti nyingine haikubali kubaki nyuma, inamfuata mwenzake: pa-sta, tambi, fi-ne-stra, dirisha. Mwambie mwanafunzi aweke mkono chini ya kidevu. Kila kidevu kinaposhuka, hiyo ni silabi moja. Mashine zenu za simu hazina kidevu, kwa hiyo hilo bado mtatuhitaji sisi.

Mbinu yangu ilikuwa na kasoro moja, na watu walinilaumu bure kwayo. Mwanafunzi wangu akishazoea kupiga, haachi. Kulikuwa na Mkenya mmoja mfanyabiashara wa kahawa, mtu mkubwa wa mwili, mpole kabisa. Alipokutana na wanunuzi wake Waitaliano hotelini alisema kila neno mahali pake, na kila mkazo akaupiga mezani kwa ngumi. Vikombe viliruka. Wale jamaa walidhani amekasirishwa na masharti yao, wakayabadilisha kabla hajafika mwisho wa sentensi. Alikuja kunishukuru na kunilalamikia kwa wakati mmoja. Nilimwambia achague moja.

Lakini ninayetaka mumjue ni Mzee Ramadhani.

Mzee Ramadhani alikuwa fundi cherehani mtaani Biryogo, kwenye kichochoro kile cha nyuma ya msikiti, karibu na wauza chapati. Kanzu zake zilivaliwa mpaka Kabuga, kule mwisho wa mji. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kike, Mariamu, aliyekwenda Italia kusomea uuguzi, akaolewa huko, akazaa binti, Amina. Yule mtoto alizungumza Kiitaliano peke yake. Mama yake alifanya kazi zamu za asubuhi na za jioni, na Kiswahili alichokusudia kumfundisha kikawa cha kesho, kila siku cha kesho.

Mzee alikuja Nyakabanda kwa miguu, akakaa pembeni ya mlango na kofia yake ya kiua magotini.

"Mwalimu," alisema, "Mariamu anakuja na mutoto. Huyu mutoto ni damu yangu. Kwenye simu tunaangaliana tu kama watu wanaongoja daktari. Mama yake anatafsiri. Mimi sitaki kutafsiriwa nyumbani kwangu."

"Unataka kujua maneno mangapi?"

"Ya kumkaribisha, na ya kumuuliza kama amekula. Mengine atayaleta mwenyewe."

Nilimwambia asimame apige makofi. Alinitazama kwa huruma.

"Mie sipigi makofi, Mwalimu. Mikono hii ni ya kitambaa."

"Basi piga mguu."

"Mbele ya wanawake hawa?"

Masista walikuwa wanamtazama kwa shauku. Nikaona sitamshinda, nikakubali kwenda kumfundishia Biryogo, barazani kwake, huku anafanya kazi. Nikiri pia kwamba chai ya tangawizi ya mkewe, Mama Mariamu, ilisaidia kunishawishi.

Neno benvenuta, karibu, alilipata siku hiyo hiyo, kwa sababu mkazo wake unakaa pale pale ambapo Kiswahili kingeuweka. Alifurahi. Kisha akauliza, "Na kaa?"

"Kaa vipi?"

"Utamwambia mugeni karibu halafu umuache amesimama? Kwetu mugeni anaambiwa karibu, kaa. Hata kama iko mutoto."

Sasa sikilizeni. Ningeweza kumpa neno siediti, ambalo ndilo Mwitaliano angemwambia mtoto wa miaka sita. Nilimpa accomodati. Hilo ni neno la kumwambia mgeni unayemheshimu: karibu ujistareheshe, kaa kama uko kwako. Ni refu, na mkazo wake umejificha mbali kabisa na mwisho: ac-CO-mo-da-ti. Nililichagua kwa sababu lilikuwa na adabu aliyoitaka, na pia kwa sababu nilitaka kuona atafanyaje. Ndivyo nilivyo, na uzeeni sitabadilika.

Aliteseka nalo. Kila siku alisema accomo-DA-ti. Nilimwekea mkono kidevuni, akasema namtekenya. Nilimkatia karoti, Mama Mariamu akaichukua akaitia kwenye pilau. Wateja waliokuja kupimwa suruali walianza kulijua neno kabla yake, na mwuza chapati wa jirani akawa analiimba vizuri kabisa, jambo lililomuudhi mzee kupita kiasi.

Ndipo nikakumbuka maneno ya Sista Kandida juu ya kiungo cha kazi. Nikautazama mguu wake. Alikuwa na cherehani ya zamani, ya kukanyaga, yenye gurudumu kubwa chini. Mtu anayeijua kazi hakanyagi ovyo. Anagusa kidogo kulishtua gurudumu, anakanyaga mara moja kwa uzito, kisha analiacha lizunguke lenyewe.

"Fundi," nilimwambia, "gusa kwenye ac. Kanyaga kwenye CO. Halafu uliache liende."

Aligusa, akakanyaga, akaliacha. Gurudumu likazunguka na mdomo wake ukafuata: "Ac-CO-modati." Alisimamisha cherehani, akanitazama kana kwamba nimemwibia siri. Kichochoro kizima kilishangilia, mwuza chapati akiwa mbele. Baada ya hapo alikuwa anameza maneno kwa haraka nisiyowahi kuiona kwa mwanafunzi mwingine. Hai mangiato, umekula? Piccola mia, kadogo kangu. Herufi zilizorudiwa alizipata kwa kuubakiza mguu chini kidogo: non-no, babu. Kila neno alilipa mshono wake.

Mambo yalikuwa mazuri mpaka Mama Mariamu alipomuuliza, wakiwa mezani, "Umekula, kwa Kiitaliano?" Mzee alifungua mdomo. Kimya. Akasimama, akaenda barazani, akakaa kwenye cherehani, akasema "Hai mangiato," akarudi mezani. Mkewe alicheka hadi akashika ukuta.

"Baba Mariamu, sasa utafanyaje kule Kanombe? Utabeba cherehani uende nayo uwanja wa ndege?"

Yeye hakucheka. Nilikuja kugundua kwamba siku iliyofuata alikuwa ameshazungumza na mwenye pikapu wa kuibeba hiyo cherehani. Nilijaribu kumwachisha. Nilimweka kwenye kigoda, nikamwekea tofali chini ya mguu, nikamtembeza kichochoroni akikanyaga kwa mpigo. Wapi! Maneno yalikuwa yameshashonewa pale kwenye pedali. Nilianza kuogopa. Mzee huyu hakuwa na mtihani wala cheti cha kutafuta. Alikuwa na mjukuu mmoja, na mjukuu alikuwa anakuja kwa wiki chache tu. Akimkosa safari hii, hajui lini atamwona tena, na umri wake haukuwa wa kungojangoja.

Siku yao ya kufika tulikwenda wote uwanja wa ndege, bila cherehani, maana mkewe alikataa katakata. Mzee alivaa kanzu mpya na koti. Njia nzima midomo yake ilikuwa inacheza. Mariamu alitoka akisukuma toroli, na Amina pembeni yake, mwembamba, nywele zimesukwa, begi mgongoni. Mama Mariamu alikwisha kumrukia binti yake. Mzee akamwinamia mtoto. Akafungua mdomo.

Hakuna kilichotoka. Nilikuwa hatua chache nyuma yake na niliuona mguu wa kulia, ndani ya kiatu kilichopigwa rangi, unagonga sakafu: tap, tap, tap. Unatafuta pedali. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa juhudi. Mtoto alirudi nyuma ya sketi ya mama yake akauliza kitu kwa sauti ndogo.

"Anasema nini?" mzee aliniuliza kwa Kiswahili.

Nilijifanya namtafuta dereva. Mariamu naye alitazama pembeni.

"Mwalimu, nimekuuliza."

"Anauliza kama babu amekasirika," nilisema.

Sijawahi kuona mtu akizeeka ghafla namna ile. Alisema "karibu" polepole, kwa Kiswahili, si kwa mtu yeyote hasa, akachukua mzigo mzito kuliko yote akaupeleka garini. Njia nzima dereva alikuwa anaisifia barabara mpya.

Biryogo walikuwa wameandaliwa pilau, na majirani walikuwa wameshajaa. Amina hakula. Alijibanza kwenye kiti, akawa anakitazama kiatu cha babu yake kila kinapopita. Mzee aliliona hilo. Alisema ana pindo la kumalizia, akatoka barazani na kuvuta pazia la mlango. Nililijua pindo hilo. Lilikuwa la gauni la manjano alilomshonea mtoto, ambalo alikusudia kumpa kwa mkono wake na kwa maneno yake.

Tulisikia cherehani inaanza. Kwanza polepole, kisha ikashika mwendo wake. Na ndani ya mwendo ule, sauti ya mzee, anayejisemea mwenyewe kama mtu anayejikuna kidonda: "Benvenuta. Benvenuta. Ac-CO-modati."

Amina aliinua kichwa.

"Mamma," alisema, "chi parla?" Nani huyo anazungumza?

Mariamu alitaka kujibu, nikamkanyaga mguu. Samahani Mariamu, lakini ilibidi. Mtoto aliteremka kitini, akaenda mlangoni, akafunua pazia. Mzee alikuwa ameinama juu ya sindano, hakumwona. "Accomodati," alisema tena, na mkazo ukaanguka mahali pake, mzuri kuliko wangu.

Amina alicheka. Nafikiri hakuwahi kuambiwa neno hilo maishani, ni neno wanaloambiwa mabibi wenye mikoba. Alijinyoosha, akatembea kwa madaha, akakaa kwenye benchi la wateja, mikono magotini.

"Grazie, nonno," alisema. Asante, babu.

Mzee aliinua macho. Mguu ukataka kusimama, na nikaona hofu inampita usoni, kwa sababu alijua kama nilivyojua kwamba mguu ukisimama na maneno yamesimama. Akaendelea kukanyaga. Akamuuliza kama amekula. Amina akasema hajala. Akamuuliza kama anapenda rangi ya manjano. Akasema anapenda. Pindo likaisha. Mzee aliyatupa macho huku na huku, akaokota kipande cha kitenge sakafuni, akakiunganisha na kingine, ili sindano isikae bure. Mama Mariamu ndiye aliyeelewa kwanza. Aliingia ndani, akaja na kapu la mabaki ya vitambaa, akaanza kumpa mumewe kipande baada ya kipande. Vipande vya kanzu, vya sare za shule, vya mapazia, vya magauni ya harusi. Walizungumza alasiri nzima, na utepe ule wa viraka ukashuka mezani, ukavuka baraza, ukafika kwa mwuza chapati, ambaye aliushika mwisho wake usiguse vumbi.

Mtoto alimuuliza kwa nini anashona huku anazungumza. Mzee alifikiri, akakanyaga, akajibu kwa maneno aliyoyaunga mwenyewe bila mimi kumfundisha: "Io parlo con il piede." Mimi nazungumza kwa mguu. Amina alilikubali jambo hilo mara moja, kama watoto wanavyokubali. Alishuka kwenye benchi, akavua kiatu, akauweka mguu wake mdogo kwenye pedali pembeni ya mguu wa babu yake, akasema, "Anch'io." Na mimi pia.

Mimi nililia. Msije mkaandika popote kwamba bibi alipata vumbi machoni. Nililia kwa sauti, na Mama Mariamu alinipa kipande cha kanzu nijifutie, kisha akakidai kwa ajili ya cherehani.

Wiki zile zilipita wakiwa barazani. Mzee alimfundisha Kiswahili kwa njia ile ile, ka-RI-bu, mguu kwenye ri, na gauni la manjano likatiwa pindo lisilo na sababu mara kadhaa. Waliporudi Italia, Amina aliondoka na utepe wa viraka umezungushwa shingoni hadi masikioni, kwenye joto lile.

Baadaye Mariamu alinipigia. Alisema mwalimu wa shule ya kule analalamika. Darasa limeanza kujifunza kukata maneno silabi kwa silabi, na Amina anapiga meza teke.

"Anapiga kwenye silabi gani?" nilimuuliza.

"Kwenye ile yenye mkazo."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Basi mwambie mwalimu asogeze meza."

Nyie vijana mnanishauri nirekodi mbinu yangu muiweke kwenye simu zenu, na mnaniuliza niiite nini. Sina jina. Ninachojua ni kwamba kila mtu ana karoti yake. Mmoja ni ngumi, mwingine mguu, na yule mkuu wa mudugudu, nasikia, siku hizi ameacha mguu, anapiga kofia yake pajani. Kazi yenu ni kuitafuta kabla hamjaanza kuonyesha mishale na rangi. Na mkishaipata, mkubali kwamba mtu huyo pengine hataiacha tena maisha yake yote. Mimi nilikubali, na silijutii neno accomodati hata kidogo.

Idi iliyopita nilialikwa Biryogo. Sebule ilikuwa imejaa wageni, pilau imeshapakuliwa kwenye masinia, mzee amesimama katikati na kanzu yake nyeupe akipokea salamu. Simu ikalia. Mama Mariamu aliiegemeza kwenye birika, na Amina akatokea kwenye kioo, amekua, amepoteza meno mawili ya mbele.

"Babu!" alisema kwa Kiswahili. "Ka-RI-bu!" Na kutoka Italia tukausikia mguu wake ukipiga sakafu.

Wageni wote walimgeukia mzee, naye akataka kumjibu Amina kwa lugha yake. Alifungua mdomo. Macho yalikuwa yamemjaa maji, na mdomo ulikuwa wazi, na hakuna kilichotoka. Chini, kiatu chake kikaanza: tap, tap, tap. Nilikumbuka siku ile ya uwanja wa ndege, na najua naye aliikumbuka.

Amina alimwangalia kidogo tu. Kisha alicheka na pengo lake, akanyoosha mkono kwenye kioo kuelekea mlangoni, kwenye baraza, kama mwenye nyumba anayempokea mgeni mkubwa.

"Nonno," alisema, "ac-CO-modati!"

Mzee akaichukua simu, akafunua pazia, akaenda kukaa. Tulisikia gurudumu linaanza kuzunguka. Pilau ilipoa kabisa, na hakuna aliyethubutu kuanza kula bila yeye.